Kengele ya Moatlhodi na Ng'ombe wa Mahari

Kuna watu wakikua huota mvi, na kuna watu wakikua huota visingizio. Moatlhodi Gaetsewe aliota visingizio mapema, mvi zikamfuata baadaye kwa aibu. Na kisingizio chake kilikuwa kimoja tu, hakukibadilisha hata siku ya sikukuu: "Samahani wazee, mfumo umelemewa." Akishasema hivyo, utamwona anajipapasa mfukoni, anatafuta ufunguo wa gari, na sufuria ya nyama haijapakuliwa bado.

Tusimwonee. Kazi alikuwa nayo kweli. Pale Palapye alitunza kanzidata ya Ushirika wa Lesaka, yaani lile ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta lililojua kila ng'ombe wa wilaya kwa namba ya hereni yake: ni wa nani, alizaliwa zizi gani, aliuzwa kwa nani. Bila kibali cha Lesaka ng'ombe hapiti geti la mifugo, hata awe mnene kama boma. Kwa hiyo ghala likizubaa, vibali havitoki, malori yanapanga mstari juani, ng'ombe wanalia, na wenye ng'ombe wanalia kuwashinda ng'ombe.

Basi Moatlhodi aliuchunga mfumo ule kama baba yake alivyochunga mifugo, kwa jicho. Hakutaka chombo cha kumsaidia. Asubuhi aliufungulia kioo na kuutazama, akainamisha kichwa, akasema, "Leo haujala vizuri." Mara nyingi alipatia, na hapo ndipo alipoharibikiwa, maana mtu anayepatia mara nyingi huwa hashauriki. Mwenzake wa ofisini, Goabaone, binti wa Mochudi, mdogo kwa umri na mkubwa kwa ulimi, alikuwa amemsihi tangu alipoajiriwa wafunge kengele, mfumo uite wenyewe ukiugua. Moatlhodi alimjibu kwamba mchungaji anayengoja kengele ameshaliwa ndama.

"Na mchungaji anayeshinda zizini hata siku ya harusi ya mpwa wake?" Goabaone aliuliza.

Hapo alimgusa kidonda. Katika harusi ya mpwa wake mkubwa, Moatlhodi, mjomba mwenye neno, aliondoka wakati wazee wanajikohoza ili wamsikilize. Aliacha kofia juu ya kiti ili kulinda nafasi. Binamu yake Tshenolo, muuza nyama, mtu ambaye hata akikupimia maini hukupa na hotuba, alisimama kando ya ile kofia akasema badala yake. Alisema vizuri mpaka wakwe wakafuta macho. Watu wa Serowe, kijijini kwao, wana ulimi; mwaka mzima walisimulia kwamba kofia ya Moatlhodi ilikuwa imesikiliza kwa adabu kuliko mwenyewe.

Sasa ilikuja zamu ya mpwa mdogo, Warona. Huyu hakuwa mpwa tu. Alijifunza kuhesabu akiwa mapajani mwa Moatlhodi, wakihesabu hereni za ng'ombe ndani ya boksi, na alipoanza kazi ya uuguzi alimpigia simu mjomba kabla ya kumpigia mama yake. Mama yake, Gaboipewe, ndiye dada mkubwa wa Moatlhodi. Alimwita jikoni, akaendelea kukanda unga huku akisema.

"Washenga wa Warona wanakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Mjomba ni wewe."

"Najua, dada."

"Sijamaliza. Ukiinuka kabla ya neno la mwisho, kiti ni cha Tshenolo. Na si siku hiyo tu. Kila posa, kila harusi, kila msiba wa nyumba hii. Wazee wameshakaa wakakubaliana."

"Walikaa lini? Sikuitwa."

"Uliitwa. Ulisema mfumo umelemewa."

Moatlhodi aliuangalia ule unga kama vile nao ulikuwa kwenye kikao. Kwao, mjomba asiye na neno ni sawa na mgeni aliyekuja kula. Alirudi Palapye na Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya meza ya Goabaone, kofia mkononi.

"Goabaone, mdogo wangu, nataka mfumo uwe unaniita wenyewe."

"Rudia, Rra," Goabaone alisema, kwa neno la kwao la kumwita bwana. "Sikio hili halijasikia vizuri."

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini ni raha. Rudia."

Alirudia. Halafu, kwa kuwa kichwa ni chake, alikataa kusaidiwa. Alisema mtu aliyeujua mfumo kwa miaka yote hiyo hawezi kushindwa kuufunga kengele. Akajifungia, akafunga kengele kwa kila kitu. Mfumo ukiulizwa swali ukachelewa kidogo kujibu, kengele. Watu wakiingia wengi kwa pamoja, kengele. Watu wakiingia wachache mno, kengele pia, isije ikawa kuna jambo. Nafasi ya kuhifadhia ikipungua kwa kiasi cha ukucha, kengele. Na mlio alioutia kwenye simu haukuwa mlio wa kistaarabu. Alirekodi kengele ya shingoni mwa fahali wa marehemu baba yake.

Kuanzia siku ile Moatlhodi alitembea mjini kama kundi linalorudi jioni. Ililia kanisani wakati wa sala ya kimya. Ililia kwa kinyozi, akatoka mbio kichwa kimenyolewa nusu, akafika ofisini akakuta kwamba karani mmoja wa Serowe ameuuliza mfumo swali refu, akajibiwa, na sasa anakunywa chai. Meneja wao, Mma Sebego, alichungulia mlangoni.

"Rra Gaetsewe, umehamishia zizi humu ndani?"

"Ni usalama, Mma."

"Sawa. Nikikanyaga mavi nitakuuliza."

Sikio la binadamu lina hila. Anayeishi kando ya mashine ya kusaga husema mtaa wake ni mtulivu. Wiki ya pili Moatlhodi hakuisikia tena. Simu ikilia aliipapasa mgongoni kama mtoto anayebembelezwa, akaendelea na shughuli zake. Na ndivyo alivyofanya siku ya mnada wa katikati ya mwezi, ghala lilipojaa kabisa mpaka likashindwa kuandika hata jina la ndama. Kengele ya kweli ililia katikati ya zile za uongo, mlio ule ule, na yeye akaipapasa huku akitafuna maandazi.

Aliyemletea habari hakuwa chombo. Alikuwa mfugaji mzee, vumbi mpaka kwenye nyusi, aliyevuka barabara kwa miguu kutoka getini.

"Ng'ombe wangu wamesimama juani tangu asubuhi," alisema bila kupandisha sauti. "Nimeambiwa humu kuna mtu mwenye kengele."

Hakuna tusi linalouma kama swali la mtu mpole. Moatlhodi na Goabaone walihangaika mpaka adhuhuri wakilipunguzia ghala mizigo ya zamani. Vibali vilipoanza kutoka, Moatlhodi aliketi, akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Haya, sema," alimwambia Goabaone.

"Sisemi kitu. Nauliza tu. Mbwa anayebwekea kila jani, siku ya fisi nani ataamka?"

"Umesema."

Wakaketi pamoja, safari hii yeye akiwa mwanafunzi, jambo lililomkaa kama kiatu cha mtu mwingine. Goabaone alizisoma kengele zote, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja aliuliza neno lile lile.

"Hii ikilia, nani anaumia?"

"Hakuna anayeumia."

"Futa. Hii?"

"Hakuna, lakini ni vizuri kujua."

"Vizuri kujua si kengele, Rra. Hilo ni gazeti. Utalisoma ukinywa chai. Futa."

Alifuta huku akiguna, kama mtu anayeuza mbuzi aliowapa majina. Mwisho zilibaki kengele za kuhesabu kwa vidole: foleni ya vibali ikisimama, ghala likikaribia kujaa kabla halijajaa, na mfumo ukizimika kabisa. Kila kengele ilitakiwa ije na maneno: kilichokwama ni nini, nani amekishika, na huyo aliyekishika anasubiri nini. Hilo la mwisho lilikuwa rahisi, kwa sababu makarani wa Lesaka hulazimika kuandika sababu kila wanapofungua kazi. Halafu wakapanga zamu. Kengele ingemwendea mwenye zamu kwanza, na yeye akishindwa ndipo imwendee mwingine.

"Jumamosi ya washenga ni zamu yangu," Goabaone alisema. "Wewe hata ukisikia mbingu inaanguka, kaa kwenye kiti."

"Na ukishindwa?"

"Rra, nikishindwa mimi, wewe ndiye utaweza?"

Mlio wa fahali aliombwa aubadilishe. Alikataa. Mtu lazima abakiziwe kitu.

Jumamosi ilifika. Kwao Serowe washenga hufika kabla jua halijatoka, na hawa wa Mahalapye hawakuchelewa. Walikuja wanaume kwa makoti yao licha ya joto lililokuwa linakuja, wanawake wamejifunga mashali mabegani, na ng'ombe wa mahari wameshaingizwa zizini vumbi likipanda. Aliyewaongoza alikuwa Rra Seloilwe, mjomba wa bwana harusi, mzee mwembamba aliyejua kukaa kimya kwa heshima. Wenyeji waliketi mbele ya zizi, Moatlhodi katikati kwenye kiti cha ngozi. Tshenolo aliketi nyuma yake kidogo tu, karibu kiasi cha kurithi.

Simu ya Moatlhodi haikuwa mfukoni mwake. Gaboipewe alikuwa ameidai asubuhi hiyo, akaifutika ndani ya shali lake upande wa moyo.

Na Moatlhodi alinoga. Mwezi mzima alikuwa ameitunga hotuba, yenye mifano mitatu na fumbo moja, na hakuwa na nia ya kuipunguza. Alianza kwa kuuliza wageni wametoka wapi, ilhali anawajua. Akauliza wanatafuta nini. Rra Seloilwe akajibu kwamba wanatafuta kibuyu cha kuchotea maji, yaani binti wa kuoa, kama desturi inavyotaka kusemwa. Moatlhodi akasema vibuyu viko vingi, wanataka kipi. Jua likapanda. Akaomba kuwakagua ng'ombe, akasimama mbele ya maksai mmoja wa kahawia mwenye pembe iliyopinda.

"Huyu alipigana na nani?"

"Na mlango wa zizi, Rra," alisema Seloilwe.

"Na mlango ulisemaje?"

"Mlango ulivunjika."

"Kwa hiyo mnatuletea mkorofi. Wazee, tukae tulitafakari jambo hili la pembe."

Akarudi kukaa, akafumba macho, akatafakari. Hii ndiyo raha ya ujomba, na kama hujawahi kuwa mjomba siwezi kukueleza: watu wazima wenye makoti wanakutazama mdomo, na wewe huna haraka. Shangazi mmoja wa upande wa wageni alikuwa anabanabana kitu chini ya shali lake na kutazama njia, lakini Moatlhodi alidhani ni hofu ya hotuba.

Hapo kifua cha Gaboipewe kikalia kama fahali.

Ng'ombe zizini waligeuza vichwa. Wazee walitazama chini. Kutoka nyuma Tshenolo akasema taratibu, "Mjomba, leo kofia utaniachia tena, au nije na yangu?"

Wanawake walijifunika midomo kwa mashali. Moatlhodi alishika mikono ya kiti kama mtu aliye juu ya farasi. Miguu yake, iliyozoea, ilikwisha kujikunja tayari kuinuka. Aliikanyaga chini.

"Ni zamu ya Goabaone," alisema.

Ikalia tena. Kengele kumfikia yeye maana yake Goabaone ameshindwa, na Goabaone hakuwa mtu wa kushindwa. Akilini alimwona yule mzee wa vumbi kwenye nyusi, getini, juani, akiwaambia wenzake kwamba mtu mwenye kengele yupo. Na alimwona Warona aliyekuwa dirishani, amesimama wima, anamtazama mjomba wake miguuni.

Gaboipewe aliingiza mkono ndani ya shali, akasoma. Akasoma tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Aliinama kwenye sikio la mdogo wake, akamsomea kwa sauti ya kunong'ona inayovunjikavunjika.

"Foleni ya vibali imesimama. Aliyeshika: karani wa dirisha la Mahalapye, kuhamisha umiliki wa ng'ombe wa Seloilwe. Anasubiri: mjomba wa bibi harusi aseme ndiyo."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Na chini yake binti wa ofisini ameandika: Rra, wakwe zako walimtuma karani afungue kazi ya kuwahamishia ng'ombe tangu alfajiri, ili mkikubali tu iwe imekwisha. Ameshika namba ya kibali inayofuata na hawezi kuiachia mpaka apigiwe simu kwamba mmekubali. Nyuma yake wilaya nzima imesimama. Nikimkata kwa nguvu, kumbukumbu itaandika kwamba mahari yamekataliwa, na mimi sitaki laana ya Mahalapye. Malori yamejaa getini. Unafanya nini huko muda wote huo?"

Moatlhodi alifumba macho tena. Safari hii hakuwa anatafakari pembe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amekichimba, akakifungia kengele, kengele ikamwita aje atazame nani yuko ndani. Miaka yote alikuwa ameacha mikutano kwa kuwa mfumo umelemewa. Leo mfumo ulikuwa mzima kabisa. Mzigo ulikuwa yeye.

Na ile hotuba tamu ilikuwa bado haijafika hata kwenye mfano wa kwanza. Aliimeza yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa mbele ya watoto. Hakuinuka. Alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Rra Seloilwe," alisema, "pembe iliyopinda haijawahi kuvunja ndoa. Kibuyu mnachokitafuta kipo, na sisi tumekubali."

Watu waliojiandaa kukaa mpaka alasiri walitazamana. Tshenolo, aliyekuwa ameshasafisha koo, alibaki na kohozi lisilo na kazi. Ndipo vigelegele vikapasuka, na chini yake yule shangazi wa wageni akasikika akisema simuni, "Wamekubali, wamekubali, funga dirisha hilo ukanywe chai." Haukupita muda, kifua cha Gaboipewe kilitoa mlio mmoja mfupi, ule wa kusema foleni inasogea.

Rra Seloilwe alisimama, akamshika Moatlhodi mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimekwenda posa nyingi tangu ujana," alisema mbele ya wote. "Wajomba wengine walituanika mpaka tukaomba maji kwa ishara. Sijakutana na mjomba mwenye huruma namna hii."

Moatlhodi aliipokea sifa hiyo kama mtu anayepokea sahani aliyoagiza.

"Nimwambie?" Gaboipewe alimnong'oneza.

"Dada, nipe simu yangu."

"Baada ya seswaa."

Seswaa, ile nyama ya kupondwa, ilipoliwa, alijaribu kuinuka ili walau mfano mmoja usiharibike. Warona mwenyewe alimkalisha kwa kumbebesha sahani ya pili. "Mjomba, ulishasema ndiyo," alimwambia. "Hakuna neno zuri kupita hilo. Kaa." Akakaa. Kiti kilikuwa chake, na Tshenolo ndiye aliyemletea maji ya kunawa, ingawa aliyaleta na hotuba.

Jumatatu alikuta Goabaone ameshabadilisha mambo. Karani hawezi tena kushika namba ya kibali kabla kazi haijafika mwisho, na akiliacha dirisha wazi akingoja wazee, mfumo unamkumbusha kwa upole, kisha unamkumbusha bila upole. Kengele hiyo mpya ilihitaji jina kwenye orodha. Goabaone alikuwa ameiandika "Mjomba Anatafakari."

"Hili jina litafutwa," alisema Moatlhodi.

"Una ufunguo, Rra. Futa."

Ufunguo anao mpaka leo, na jina lipo mpaka leo. Makarani wa wilaya nzima wanaliona, na wengine husalimia kwalo.

Kiti hajakinyang'anywa. Wapwa wa ukoo bado wapo, na posa zinaendelea kuja, kutoka Shoshong, kutoka Mahalapye, hata kutoka mbali. Lakini habari husafiri kuliko ng'ombe. Siku hizi washenga wakishateremka, kabla ya kuulizwa wametoka wapi, wao ndio wanaouliza, kwa adabu zote, simu ya mjomba iko kwa nani. Wakionyeshwa Gaboipewe, humwomba jambo moja dogo: asiizime.